Moto wa Kuomba

Siku ile naikumbuka, mwanangu Esperance, kwa sababu nusu ya kijiji ilikaa na njaa ikinisubiri mimi. Nilikuwa msichana mdogo kuliko wewe, na nilikuwa nimenuna hivyo hivyo kama unavyonuna sasa. Usiishike hiyo simu. Iweke hapo penye vitana, uso chini, unisikilize. Leo sikuja kusukwa.

Lakini kabla ya hiyo ya zamani nitasema ya leo, maana hasira ninayo, na nikiikalia itanichoma. Nimekuja kwa miguu kutoka Bertrams mpaka hapa Jeppestown, goti likilia kila roboti, hizi taa za barabarani, kwa sababu asubuhi hii mama yako alinipigia simu. Akaniambia saluni imesimama tena, rangi imepakwa, vioo vimefika, kesho Jumamosi unafungua. Nikasema Bwana asifiwe. Halafu akashusha sauti. Akaniambia vijana wetu wa Kongo watakuja kesho asubuhi kabla ya wateja, na wewe umekubali kuwaonyesha chumba anacholala Bheki, mtoto wa jirani yako MaDlamini. Nilitafuta viatu vyangu.

Na sasa nimefika, nakuta jambo ambalo hata mama yako halijui. Tundu liko wapi? Nauliza, Esperance, lile tundu la ukutani liko wapi? Hapa palikuwa na tundu, na leo naona saruji.

Usinijibu kwa Kizulu, nakisikia. Sema na bibi yako kwa Kiswahili.

"Nimeliziba, Koko."

Umeliziba. Haya. Ukuta huu, upande wa huku saluni yako, upande wa pili spaza ya MaDlamini, duka lake dogo, na tundu hilo alilitoboa marehemu mume wake ili waya wa umeme upite. Tokeni yako ikiisha huku kichwa cha mteja kiko chini ya draya, ulikuwa unagonga, "MaDlamini!", naye anakupitishia waya. Tokeni yake ikiisha na maziwa yanataka kuharibika ndani ya friji, anagonga yeye. Miaka yote hiyo. Alikuwa anakuita makhelwane, jirani, tangu siku ulipofungua na kiti kimoja cha plastiki na kioo chenye ufa. Na wewe umechukua mwiko na saruji ukamziba kama mtu anavyoziba shimo la panya.

Najua ulivyotendwa. Usinisimulie, nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile cha dirishani, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, tuliposikia kelele za wavunja maduka ya wageni zinashuka barabara. Uligonga ukuta huu kwa ngumi mbili. "MaDlamini! MaDlamini!" Na mimi kwa masikio yangu nikasikia geti lake linashuka, gwaa, na kufuli linafungwa. Tukatoka kwa mlango wa nyuma. Nilikimbia na goti hili mpaka Bertrams, na nilipogeuka nilimwona Bheki kati ya ule umati, draya yako iko begani mwake. Sikuambiwa na mtu, nilimwona. Mpaka leo nusu ya kichwa changu haijasukwa. Nimekataa kumpa mtu mwingine aimalize, nafunga kitambaa tu, na wanawake wa kanisani wanacheka.

Kwa hiyo usidhani uzee umenizima. Nina hasira! Wanasema tumekuja kuwaibia kazi. Kazi gani? Nani kati yao aliacha kusuka ili Esperance asuke? Nilifika mji huu na kanga mbili na mtoto mgongoni, nikasafisha ngazi za magorofa ya watu, hakuna aliyekuja kunipokonya ufagio. Na wakubwa wao wanaokaa nyuma ya kuta zenye nyaya wanazungumza maneno laini redioni, na moshi hauwafikii. Nina hasira nao wote, na walioiba, na waliosimama kando wanapiga picha, na jirani aliyeshusha geti. Sikuja kukuambia samehe. Hao wanaogawa samehe kama peremende, mimi wananichefua.

Lakini leo hasira yangu nyingi ni kwako. Ndiyo, wewe. Sasa sikiliza kwa nini.

Kwetu ni milimani, juu ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Unasikia tu jina, hujawahi kufika. Nilipokuwa na umri wa kubeba ndoo vita vilipanda mpaka kwetu. Wenye bunduki walipokaribia, kijiji kizima tulikimbilia korongo lililojificha chini ya mlima, njia yake mgeni hawezi kuiona. Na wenye bunduki wasingeiona. Ila kijana mmoja, Bitondo, mtoto wa jirani yetu mlango kwa mlango, alisimama juu ya jiwe akawaonyesha. Alinyoosha kidole tu. Mama yangu alimwona kwa macho yake. Baba yangu alibaki ndani ya korongo lile pamoja na wanaume wengine. Halafu wenye bunduki wakapanda juu wakachoma kila nyumba, na Bitondo akaondoka nao, hatukumwona tena.

Wahenga wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Wahenga hawakufika kwetu. Kidole kimoja kilivunja kijiji.

Tulikaa misheni ufukweni, tukila cha kupewa, mpaka milima ilipotulia tukaambiwa tunaweza kurudi. Aliyepanda nasi ni masera mmoja, ndivyo tunavyowaita watawa wa kike kwetu, jina lake Masera Odili. Alikuwa mama mtu mzima, miguu imevimba, anatembea na viatu vya wanaume. Yeye alizaliwa kijijini Ufaransa, kwa watu wa ng'ombe na ngano. Alipokuwa mtoto, vita vya kwanza vya Wajerumani vilipita juu ya kijiji chao mpaka hakikubaki kitu. Alisema ulikuwa ukisimama palipokuwa kanisa, hujui kama umesimama kanisani au kwenye zizi. Watu wakarudi, wakakaa ndani ya vibanda vya mbao, wakajenga upya kwa mawe. Alikuwa na picha ya hicho kijiji kipya, anaiweka ndani ya Biblia: barabara imenyooka, nyumba zimepangwa mbili mbili zikiegemeana kwa ukuta mmoja, juu ya kila paa kuna bomba la moshi, na mwishoni kanisa na mnara wake. Alituonyesha siku ya kwanza, tumekaa juu ya majivu yetu.

"Tazameni," akasema. "Na sisi hatukuwa na kitu."

Alikuwa na moyo mzuri, sitamsema vibaya. Alileta kamba na vigingi vya kupimia, alileta kalibu za matofali, akavua soksi akakanyaga udongo pamoja nasi. Wanaume waliipenda ile barabara yake iliyonyooka. Tulifyatua, tukachoma tanuri juu ya tanuri, na nyumba zikainuka kwenye mstari, kila mtu karibu na kiwanja chake cha zamani. Bibi yangu Tabu, mama mzaa baba, alikuwa anapita kila jioni anagonga kona za nyumba kwa fimbo yake. "Zimenyooka," anasema. "Zimenyooka kweli." Ulikuwa hujui kama anasifu au anatukana.

Ikafika siku ya kuhamia. Sasa, mwanangu, kijijini kwetu kuna desturi moja. Nyumba mpya haiwashwi na mwenyewe. Moto wa kwanza unaombwa kwa jirani. Unakwenda na kigae cha chungu, unabisha hodi, unaomba, unatiliwa makaa, unarudi nayo jikoni kwako. Hata kama una kiberiti mfukoni. Ukijiwashia mwenyewe watakuambia umejichimbia pango, hukujenga nyumba. Na siku ile nyumba zote zilikuwa mpya, hakuna jiko lenye moto. Bibi Tabu akaamua: makaa yaliyobebwa kutoka misheni ndani ya chungu yatiwe nyumba ya juu kabisa, kwa mama mkongwe kuliko wote, halafu moto ushuke mlango kwa mlango, kila mwanamke aombe kwa aliye juu yake, mpaka chini.

Moto ukashuka. Tulikuwa tunauangalia kwa moshi, nyumba hii, nyumba hii, watu wanapiga vigelegele. Ukafika kwa Mama Bitondo. Jirani aliyekuwa juu yake alimpa huku ametazama pembeni, lakini alimpa. Nyumba iliyofuata ni yetu. Mama yangu alikuwa kitandani, tangu korongoni hakuwahi kuwa mzima. Kwa hiyo Bibi Tabu alinipa mimi kigae.

Nikakiweka chini. Nikasema, "Siendi."

Walidhani nadeka. Wakanibembeleza. Jua likapanda, nimekaa kizingitini nimekumbatia magoti. Chini yetu kulikuwa na nusu ya kijiji, unga wa bukari, yaani ugali, umeshachekechwa, hiyo mnayoiita pap huku, maji yako ndani ya vyungu, na mafiga baridi. Watoto wakaanza kulia. Mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka chini, "Wewe mtoto, tuonee huruma, wanangu hawajala tangu jana!" Mwanaume mwingine akamjibu, "Mwache! Ana haki! Nani ataomba kwa yule?" Wakaanza kugombana wao kwa wao, kijiji hakijalala hata usiku mmoja. Na Mama Bitondo alikuwa ndani mwake, mlango wazi, tunauona moto wake unawaka, yeye hatoki.

Ndipo Masera Odili akaja na viatu vyake. Akainama, akatoa kiberiti mfukoni.

"Mwanangu, ya nini yote haya?" akasema. "Washa hapa. Hao wa chini wataomba kwako, mambo yamekwisha."

Ah, nilifurahi! Nikanyoosha mkono. Fimbo ya Bibi Tabu ikashuka katikati yetu, ikakaa juu ya kile kiberiti.

"Masera," akasema bibi yangu, kwa upole kabisa, "kule kwenye picha yako, mawe yalipokwisha kupangwa, mama yako alimwomba nani moto?"

Nilidhani hakukielewa Kiswahili cha bibi, maana bibi alikuwa anakichanganya na kilugha. Kumbe amekielewa sana. Alikaa juu ya rundo la matofali yaliyobaki, akakivingirisha kile kiberiti mkononi, akasema mama yake hakumwomba mtu. Alisema wakati wa vita, askari wa adui walipokaa kijijini mwao, mwanamke wa nyumba ya jirani aliwafulia nguo, akala vizuri, huku mama yake Masera anamzika mtoto wake wa kwanza. Vita vikaisha. Wakajengewa nyumba mpya, zile za kuegemeana. Ukuta mmoja, na majiko mawili yamepeana mgongo, moja huku, moja kule.

"Wakati wa baridi," akasema Masera, "ukuta wetu ulikuwa unapata joto la moto wake. Mama alikuwa anavuta kiti chake, anakaa mbali na ukuta, anatetemeka."

"Wakazeeka hivyo?" akauliza bibi.

"Wamezikwa hivyo. Tulimsikia anakohoa, tulijua saa anayokoroga uji wake, na hatukuwahi kumpa salamu. Mimi niliondoka nikaja kuwa mtawa." Akatazama picha yake, kisha akairudisha ndani ya Biblia. "Nasema niliitwa na Mungu. Siku nyingine nadhani nilikuwa naukimbia ukuta ule."

Bibi Tabu alitikisa kichwa muda mrefu. Akasema, "Pole, mama. Basi kwenu mlijenga mawe. Kijiji bado."

Halafu akanigeukia mimi. Esperance, ungemwona! Yule bibi mpole wa dakika moja nyuma aliondoka, akabaki simba. Nikaona niwahi kusema kabla yake. Nikapiga kelele, watu wote wanasikia, "Bitondo alimuua baba! Unataka nikamsamehe mama yake?"

"Nani amekutuma msamaha?" akanguruma. "Nimekutuma moto!"

Sijawahi kusikia mtu akikasirika hivyo. Alipiga fimbo chini mpaka ikapasuka.

"Aliyekufa korongoni kwako ni baba, kwangu ni mtoto wa tumbo langu. Unadhani hasira yako ni kubwa kuliko yangu? Ni kubwa? Basi ibebe! Nenda nayo mpaka mlangoni kwake, mwambie yote mbele ya uso wake. Lakini usiniletee hasira ya kujifungia nayo kwenye jiko baridi, watoto wa watu wanalia. Mnasema dawa ya moto ni moto. Ndiyo! Moto uliochoma unatibiwa na moto ulioombwa. Mwingine hakuna. Simama!"

Nikasimama. Nikaokota kigae, nikaingia kwa Mama Bitondo bila hodi. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, mwembamba, kitambaa kimemshuka usoni. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yalitoka mawili tu.

"Nimekuja kuomba moto," nikasema. "Na mtoto wako alimuua baba yangu."

"Najua," akasema.

Hakusema Bitondo alilazimishwa. Hakusema walimfunga kamba. Labda walimfunga, sijui, hakuna aliyejua. Hakulia ili nimhurumie. Alisema najua, akachagua makaa, makubwa yale, mazuri, akayatia ndani ya kigae changu. Kigae kikalia kho, kikapasuka. Akanyanyuka, akachukua chake kipana, akahamisha makaa, akanipa.

"Kirudishe kesho," akasema. "Sina kingine."

Nikatoka na moto. Watu hawakupiga vigelegele, waliniachia njia tu. Nikawasha jiko letu, na kabla hata bibi hajapuliza, jirani wa chini alikuwa amesimama mlangoni na kigae chake. Moto ukashuka mpaka nyumba ya mwisho. Siku ile bukari ililiwa jioni.

Kesho yake ikabidi nikirudishe kigae. Unaona ujanja wa yule mama? Nimekirudisha, akaniuliza mama ameamkaje. Siku nyingine akaja kuomba chumvi. Usije ukadhani tulipendana. Sikumpenda, na mpaka leo simpendi, Mungu anisamehe. Tuligombana mara nyingi, nilimtupia la korongo usoni tena na tena, na kila mara alisema najua. Lakini tuliombana moto mpaka nikaolewa.

Na miaka mingi baadaye vita vikapanda tena, na wenye bunduki wengine. Safari hiyo walikuwa wanawatafuta kaka zangu. Mimi nilikuwa nimekuja kumtazama mama, nimejificha naye ndani ya shamba la mihogo nyuma ya nyumba, na huyu mama yako kifuani kwangu, mtoto mchanga, nimemziba mdomo kwa nyonyo. Walimkuta Mama Bitondo nje. Wakamwuliza, watu wa nyumba hii wako wapi? Alikuwa anatuona, Esperance. Tulitazamana, mimi na yeye. Akasema hajui. Wakamvunja mkono. Akasema hajui. Yule yule, aliyemzaa aliyeonyesha. Hakunyoosha kidole. Ndiyo maana mama yako alikua, ndiyo maana wewe ulizaliwa, na ndiyo maana mimi nipo hapa nakukaripia.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipokuwa nakuja.

Vijana wetu wanakaa Randburg, wanalinda magorofa ya watu, na siku ya mapumziko wanapanda teksi kuja hapa kupiga vifua. Nimewasikia. "Koko, dawa ya moto ni moto." Wameliokota neno la bibi yangu barabarani, hawajui lilikoanguka. Kesho watakuja, wewe utasimama mlangoni hapo, na mikono hiyo iliyopakwa losheni nzuri, na utanyoosha kidole. Chumba kile pale. Basi. Watamvunja, au watamuua, hakuna anayejua ngumi inaishia wapi, na jioni watarudi zao Randburg. Utakayebaki hapa ni wewe, na ukuta, na mama anayelia upande wa pili. Na Jumatatu watu wake watauliza, ni nani aliyeonyesha? Watu watakuambia wewe ni shujaa. Mimi najua jina lako litakuwa nani. Litakuwa Bitondo.

Hasira hasara, wanasema, na mimi sipendi methali hiyo, maana si hasira yote ni hasara. Bibi Tabu alikuwa na hasira kuliko kijiji kizima, na ndiyo iliyotulisha. Kaa na hasira yako, mwanangu, ni haki yako, usikubali mchungaji wala mtu yeyote akunyang'anye. Lakini usiipe kidole. Ipe miguu. Itembeze mpaka mlangoni kwa mtu, iseme, isikie jibu. Bheki ni mwizi? Ni mwizi. Twende polisi Jumatatu, mimi ni shahidi, nitavua kitambaa niwaonyeshe nywele hizi nusu waandike. Wakitupuuza tutarudi tena, goti langu linajua foleni. Na kwa nini MaDlamini alishusha geti? Mimi sijui. Wewe unajua? Labda ni mwovu. Labda aliogopa wangechoma na kwake. Labda ameona aibu tangu siku ile, na hajui aanzie wapi. Lini ulimwuliza? Umeuuliza ukuta kwa mwiko, na ukuta hauna jibu.

"Koko, sikumwuliza kwa sababu nitalia."

Lia. Nani amekukataza? Kalie mbele yake, naye aone. Watu wanajenga upya na wanafikiri wamemaliza kwa sababu vioo vinang'aa. Masera wa watu alipandisha mlima kijiji kizima ndani ya Biblia, mawe yamenyooka, mnara umesimama, na ndani yake mama yake anatetemeka pembeni ya ukuta wenye joto. Saluni yako ni nzuri kuliko ya kwanza. Naiona. Lakini bado hujajenga.

Nyamaza kidogo. Sikiliza.

Umesikia? Anakohoa. Yuko hapo hapo, mkono mmoja kutoka kwetu. Na hujagundua kitu kingine tangu niingie? Friji yake haingurumi. Umeme wa barabara nzima upo, taa yako inawaka, ila friji yake imenyamaza. Tokeni imemwishia, na maziwa yake yanaanza kuchacha, na hagongi. Zamani angeshagonga. Anaiona saruji kutoka upande wake.

Mungu wa babu zangu akupe wateja wa kukuchosha mikono. Akulindie vioo hivi visipasuke tena. Akupe hasira yenye akili, na ulimi wa kuisema. Na asikunyime jirani wa kumwomba moto, hata akiwa jirani wa kukuudhi, maana asiye na wa kumwomba moto hana kijiji, awe mlimani, awe Ufaransa, awe Jeppestown. Amina. Sema amina.

Sasa njoo hapa ukutani. Ulipiga saruji hii leo asubuhi, bado mbichi. Kile kidole ulichokiandaa kwa ajili ya kesho, kitie hapo. Sukuma, mwanangu. Waya wa kumpitishia umeme nimeushika mimi.